Afisa Aliyenipa Mgongo Nikipanda Farasi

Karani aligeuza karatasi niisome mwenyewe, maana nilikuwa nimeshamwambia mara mbili kwamba simwamini. Waombaji wa kazi tuliandikwa kwa namba, si kwa majina. Mbele ya namba za wenzangu paliandikwa "amefaulu" au "ameshindwa". Mbele ya yangu, kwa wino wa buluu na mwandiko mzuri wa mtu aliyesomeshwa na mapadre, paliandikwa: "Hakuonekana akipanda farasi."

Nikauliza nani hakuniona. Karani akasema afisa. Nikamwambia afisa alikuwa uwanjani tangu tulipoanza mpaka tulipomaliza, hatua kumi kutoka kwangu, na kofia yake ya kaki kichwani. Karani akakubali. Alikuwepo, ni kweli, hakuna anayekataa.

"Lakini alikuwa ametazama upande mwingine, mama."

"Sasa mimi ningepanda farasi upande gani ndio anione?"

Akaweka kalamu chini. Akaanza kunisemesha polepole, vile watu husema na mlevi ili asivunje kitu. Kwamba kazi hii ni ngumu. Kwamba hata wanaume wanaiogopa. Kwamba mwanamke mwenye mtoto mchanga ana kazi yake aliyopewa na Mungu, na heri nirudi nyumbani nikamlee mtoto wangu.

Hapo ndipo uvumilivu wangu ulipokatika. Si kwenye karatasi. Ni hapo aliposema nyumbani. Binti yangu alikuwa mgongoni, amelala. Nilifungua leso, nikamshusha, nikamlaza juu ya meza ya karani, juu ya mafaili yake, kichwa karibu na mhuri.

"Haya, mlee wewe," nikasema. "Huko nyumbani ndiko wanakotaka kuninyang'anya."

Waliokuwa nje wanasema nilipiga kelele. Sikupiga. Nilikuwa nimeacha mikono yangu ikining'inia bila kushika kitu, na nadhani hiyo ndiyo iliyowatisha.

Mimi ni mtu wa Sigalame. Nilisoma hadi fomu ya nne, nikapata cheti, nikaolewa kwa Wateso, katika mji, yaani boma la ukoo, ulio kati ya Amukura na Malaba. Mume wangu alikuwa fundi wa mashine ng'ambo, upande wa Uganda. Alivuka kila Jumatatu, akarudi Jumamosi, na mfuko wa sukari au kipande cha sabuni. Jumamosi moja hakurudi. Miaka ile watu walikuwa wakitoweka ng'ambo, na jambo hilo halikumshangaza mtu. Nilikwenda mpakani kuuliza, nikamkuta mwanamke mwingine amesimama pale pale anauliza la kwake, tukatazamana kama watu wanaongoja kinu kimoja. Nilikuwa na mimba ya miezi sita. Mtoto akazaliwa. Barua haikuja, maiti haikuja, wala hakuja mtu wa kusema nilimwona mahali fulani.

Kwa hiyo sikuwa mke na sikuwa mjane. Mjane ana taratibu zake, mke ana zake, mimi sikuwa na za kwangu. Baba mkwe alishafariki zamani. Mama mkwe, ambaye nilimwita toto, yaani mama kwa Kiteso, kama wanawe walivyomwita, alikaa na ndugu za mume wangu wakanizungumzia. Kisha akaja jikoni akanieleza uamuzi wao huku akinisaidia kupeta nafaka ya wimbi. Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo liliniudhi zaidi. Mtoto ni wa ukoo. Akishaachishwa ziwa atabaki pale. Mimi bado kijana, nimesoma, nirudi kwetu nikaolewe tena.

Nikamuuliza kama mtoto ni mbuzi.

"Mwanangu ameniachia huyu tu," akasema. "Wewe utazaa wengine. Mimi nitazaa nani?"

Ila tangu siku hiyo sikumpunguzia mtoto ziwa hata mara moja. Alikuwa na miezi minne. Nilijua kwamba siku maziwa yakikauka ndiyo siku yangu ya kufunga mzigo.

Tangazo nililiona kwenye mlango wa ofisi ya chifu. Ugonjwa wa miguu na midomo ulikuwa unaingia na ng'ombe wanaovushwa kutoka Uganda, na serikali ilitaka walinzi wa kupita mpakani wakiwa juu ya farasi, kwa sababu landrova ilikuwa inazama kwenye madimbwi ya mafunjo. Walitaka walinzi sita. Awe amemaliza fomu ya nne, awe na afya, aweze kupanda farasi siku ya mtihani. Chini kabisa waliandika kwamba mlinzi atapewa nyumba ya chumba kimoja ndani ya kituo cha mifugo. Nilisoma tangazo lote mara tatu nikitafuta neno "mwanamume". Halikuwemo. Mwandishi alisahau tu, hilo najua, hakuwaza kama mtu wa aina yangu angesoma mlango ule. Lakini kilichosahauliwa hakikuandikwa, na mimi nilifundishwa kusoma kilichoandikwa.

Nyumba ya chumba kimoja, yenye mlango wangu na kazi yangu. Mwanamke mwenye hivyo hafukuzwi kwenda kwao, na mtoto wake hulala anapolala yeye. Ndivyo nilivyojiambia. Nilijaza fomu kwa jina la baba yangu, kama lilivyo kwenye cheti cha shule.

Farasi walikuwa saba, wameletwa kwa lori kutoka Kitale, kwenye shamba ambalo Mzungu aliliuza akaondoka. Pamoja nao aliletwa saisi, yaani mtunza farasi, Mwislamu wa Busia mjini aliyekwenda huko kijana akarudi na nywele nyeupe masikioni. Alikuwa na maneno makali na kikohozi. Nilimkuta anampiga brashi farasi jike mwekundu. Nikamwambia nataka kufanya mtihani. Akanitazama kuanzia miguuni, akafika kiunoni, akaishia hapo.

Akaniambia nikae juu ya mti wa ua, mguu huku na mguu huku, nisishike kitu, mpaka amalize kumpiga brashi farasi yule. Nilikaa. Kabla hajamaliza shingo, mapaja yalianza kutetemeka. Alipofika mgongoni nilikuwa nimeshika mti kwa mikono miwili, jasho linanidondoka puani.

"Mama, wewe ni gunia," akasema. "Gunia halipandi farasi. Gunia hupakiwa."

"Nifanye nini nisiwe gunia?"

Nadhani hakutegemea nimuulize. Akaacha brashi. Akanieleza kwamba watu wote wanadhani farasi hushikwa kwa mikono, ndiyo maana wote huanguka. Mikono ni ya kuzungumza naye tu, kwa ile kamba ya hatamu. Anayekaa juu ya farasi amekalia mapaja, kiuno na pumzi. Mgongo wangu akausifu, akasema wanawake wote wa huku wana mgongo wa farasi kwa kubeba maji kichwani, wanaume wanakaa kama ndoana. Lakini kuanzia kitovu kwenda chini, akasema, hakuna mtu.

Alikuwa sahihi. Nasema wazi, kwa kuwa wenzangu hawasemi: mwanamke akishazaa kuna mlango mwilini mwake unaobaki wazi. Nikikimbia, mkojo ulinitoka. Nikikohoa, ulinitoka. Tumbo lilikuwa kama mfuko uliomwagwa unga. Hili sikumwambia saisi. Nilijitafutia dawa mwenyewe, kila nilipokwenda chooni: nakata mkojo katikati, nahesabu, naachia, nakata tena. Baadaye nikawa nabana hivyo hivyo nikiwa napalilia, nikiwa nachota maji, nikiwa kanisani padre anahubiri.

Asubuhi, toto akiwa ameenda shamba, nilikimbia kandokando ya barabara ya Malaba. Nguzo ya simu hadi nguzo ya simu nakimbia, inayofuata natembea. Wiki ya kwanza nguzo mbili zilinimaliza, nikakaa chini kwenye majani nikihisi moyo unataka kutokea mdomoni. Mwezi wa pili nilikimbia nguzo kumi bila kusimama. Nilichuchumaa na kuinuka na mtoto mgongoni, mara ishirini, yeye akicheka akidhani ni mchezo wake. Nikikaa kupukuchua mahindi niliweka boga katikati ya magoti, nalibana, silidondoshi mpaka ungo ujae. Nilisimama ukingoni mwa jiwe la kusagia, visigino vikining'inia chini, kwa kuwa saisi alisema kisigino kikipanda juu, mtu hufuata kichwa chini.

Waendesha baisikeli waliokuwa wakivusha watu mpakani wakanizoea. Wanawake wanaopakiwa kwenye baisikeli hukaa kiupande, miguu pamoja, na kikapu mapajani. Mmoja wa waendeshaji aliniita kila asubuhi, mama panda nikusukume, serikali haikupi mshahara wa kukimbia. Mwingine akamjibu, mwacheni, anakimbiza mume. Nilitamani kumrushia jiwe. Nikabana pumzi nikafika nguzo iliyofuata.

Saisi alinikubalia nipande mara mbili kwa wiki, na mimi nimsafishie mabanda. Sikuwa na suruali. Nikafungua sanduku la mume wangu nikatoa ile ya kahawia, nikaifunga kiunoni kwa kamba. Ilikuwa bado na mafuta ya mashine kwenye goti.

Nilipanda, nikaanguka, nikapanda. Farasi jike yule alikuwa na tabia ya kugeuza shingo na kuuma goti la mtu akiona amelegea. Kutembea tu kulikuwa rahisi. Tatizo lilikuwa ule mwendo wa mbio ndogo unaokurusha kila hatua. Saisi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akiimba, inuka, kaa, inuka, kaa, na mimi nikawa nainuka farasi anaposhuka na kukaa anapoinuka, meno yakigongana. Matiti yaliyojaa maziwa yaliniuma mpaka nikalia. Nikajifunga leso kifuani kwa nguvu, tabaka mbili. Maziwa yalitoka tu, yakalowesha leso, yakakauka na vumbi yakawa kama uji uliogandia kwenye sufuria. Siku moja, mwezi wa tatu, mwili ukaelewa. Nikainuka farasi alipoinuka. Saisi akaacha kuimba. Akakohoa, akapindua ndoo akaenda nayo kisimani.

Furaha hiyo ilikaa siku mbili. Maziwa yalikuwa yanapungua. Nilikimbia sana, nikala kidogo, na mwili haukuwa na ghala ya kutosha kote. Mtoto alinyonya, akaachia, akanitazama, akanyonya tena upande wa pili. Toto akaona. Hakuna kinachofichika kwa mwanamke aliyelea saba. Kazi niliyoitafuta ili nimshike mtoto ndiyo ilikuwa inanikausha kile kilichokuwa kinamshika, na sikuona njia ya kufanya moja bila kuharibu nyingine. Nikawa nakunywa uji wa wimbi mwepesi mpaka tumbo linalia kama mtungi, ndipo nikimbie.

Tena farasi walikuwa wanakufa. Kule chini kuna mbung'o, na farasi hana dawa ya mbung'o. Mvua za kwanza wawili walikonda, macho yakawa kama glasi, wakalala wasiamke. Wa tatu akafuata. Saisi alichimba mashimo mwenyewe. Akaniambia, huku akishikilia jembe, kwamba alisema Kitale, akasema tena hapa, huku si nchi ya farasi, lakini mwenye ofisi haulizi saisi.

"Unajifundisha kupanda maiti, mama," akasema.

"Nitampanda aliyebaki."

"Akibaki."

Toto alinikuta juu ya dume la ng'ombe la kulimia. Siku ambazo sikwenda kituoni, nilikuwa nimegundua kwamba dume letu jeupe, kubwa, pole, lililokuwa likilima tangu nilipoolewa, lilikuwa pana kuliko farasi, na kulikalia bila tandiko kulitanua nyonga kuliko boga lolote. Nilikuwa juu yake nyuma ya ghala, mikono kifuani, macho nimeyafumba. Nilipofumbua, toto alikuwa amesimama na mzigo wa kuni kichwani. Aliushusha kwanza. Akaniuliza kwa utulivu kama nimeona mwanamke gani katika nchi hii amekaa hivyo juu ya kitu chochote. Baisikeli wanakaa kiupande. Mkeka wanakaa miguu pamoja. Hata kaburini wanalazwa kiupande. Dume lililokaliwa na mwanamke halitalima, akasema, litalala kwenye mtaro, na njaa itakuwa yangu.

Kisha akaona suruali. Akaitambua kwa yale mafuta ya gotini. Alikaa chini kwenye kuni zake akafunika uso kwa ncha ya leso, nami nikashuka kwenye dume, nikasimama mbele yake katika suruali ya mwanawe, sijui niseme samahani kwa lipi. Nilikuwa na hasira naye, na bado ninayo. Lakini siku hiyo hasira ilikosa pa kushika.

Wiki mbili kabla ya mtihani, afisa wa mifugo aliyekuwepo alihamishwa, akaja mwingine. Nyumbani tukasikia kwamba huyu mpya ni mtu wa ukoo, ndugu ya marehemu baba mkwe wangu kupitia babu mmoja. Sikuwa nimewahi kumwona, naye hakunijua. Lakini ndugu ya baba mkwe ni baba mkwe. Huko nilikoolewa, mkwe wa namna hiyo hamkaribiani. Mkikutana njiani mmoja anaingia majanini. Hakutazami ukinyonyesha, hakutazami ukioga mtoni, haketi unapoketi. Mimi nikaona kwamba sare ya kaki itafunika hayo yote. Saisi, ambaye ameishi na kila kabila, akaona vingine. Akanionya.

"Siku ile usimsalimie kama mkwe. Simama wima kama askari, taja namba yako, panda farasi wako. Yeye anajua namba, hajui wewe ni nani. Muache hivyo hivyo."

Nikamwahidi. Nilirudia kichwani njia nzima: simama wima, taja namba.

Asubuhi ya mtihani tulikuwa kumi na wanne, mimi peke yangu mwanamke. Mtoto nilimwachia mke wa askari wa langoni. Nilikuwa nimevaa suruali, na leso juu yake mpaka zamu yangu ifike. Afisa akaja kwa njia ile nyembamba ya kutoka ofisini, karatasi mkononi. Njia ilikuwa moja na mimi nilikuwa ndani yake. Na kabla sijawaza chochote, miguu yangu ikatoka njiani ikaingia majanini, magoti yakakunjika, nikawa chini, macho ardhini, nikisema, "Baba, hujambo."

Miezi minne nilikuwa nimeyafundisha magoti yale kubana, kushika, kutotetemeka. Hakuna siku hata moja niliyoyafundisha kutopiga magoti.

Afisa alisimama. Nilisikia karatasi imetulia. Akauliza mimi ni mke wa nani. Ningeweza kudanganya. Lakini mtu akiwa chini hivyo, na mkwe amemuuliza hivyo, jibu linatoka lenyewe kama chafya. Nikataja mji wa mume wangu. Akavuta pumzi, akageuka nusu, akasema kwa sauti ya chini kwamba pole kwa kijana wetu aliyepotea. Kisha akapita mbali, akizunguka majani marefu na viatu vyake vya ofisi, kunipa heshima yangu.

Saisi aliona yote akiwa mbali. Alishika kichwa kwa mikono miwili.

Mtihani wenyewe naweza kuusimulia kwa ufupi. Mtu alimtandika farasi mwenyewe, akapanda kutoka chini bila ngazi, akazunguka uwanja mara mbili kwa mwendo wa kutembea, mara mbili kwa mbio ndogo, na mara moja bila kuingiza miguu kwenye vile vikuku vya chuma vinavyoning'inia pembeni. Mwalimu mmoja wa Funyula aliyesema anajua farasi kwa sababu amewaona sinemani alianguka kabla farasi hajatembea. Mwingine alianguka mara mbili, akainuka akicheka, na wote wakampigia makofi. Namba yangu ikaitwa. Nikavua leso. Afisa akaangalia mara moja, akaona mguu wangu unapita juu ya mgongo wa farasi, akageuka akatazama kichuguu kilichokuwa pembeni mwa uwanja.

Hakunigeukia tena. Alisimama pale ameshika karatasi, uso kwa kichuguu, mgongo kwangu, kama mtu aliyepita nyumba ya mkwewe akasikia maji ya kuoga. Nilizunguka mara ya kwanza nikidhani atageuka. Saisi, aliyekuwa karibu naye, naye akadhani hivyo, kisha akaelewa, akaanza kumweleza.

"Ametembea mara mbili, mzee. Sasa anakwenda mbio ndogo."

Afisa alikikazia macho kichuguu.

"Amekaa vizuri, mzee. Mikono imetulia. Kisigino kiko chini."

"Amekaa vipi?" afisa akauliza kichuguu.

"Kama unavyokaa wewe, mzee."

Kule uani mtu mmoja alicheka, akanyamazishwa. Nikatoa miguu kwenye vikuku. Nilizunguka uwanja mzima bila vikuku, wa kwanza siku hiyo kufanya hivyo bila kushika nywele za farasi, maziwa yakinitiririka tumboni chini ya shati, na sikuinama, na sikutetemeka, na mkojo haukunitoka. Kila nilipopita mbele ya kichuguu, afisa aligeuka taratibu upande mwingine, akahakikisha nimebaki nyuma yake. Alifanya kazi kubwa ya kutoniona. Nilipita mbele yake mara mbili nikiwa karibu kiasi cha kuona jasho shingoni mwake. Aliona aibu, najua. Ilikuwa aibu ya kweli, ya mtu mwenye adabu. Nikatamani awe mtu mbaya, ningejua la kumfanya.

Nilishuka. Saisi akachukua hatamu kwangu bila kunitazama. "Umepanda," akasema. "Mungu ameona, na mimi nimeona. Sisi wawili hatuna mhuri."

Basi baada ya siku tisa ndipo nikasimama kwa karani, na mtoto wangu juu ya mafaili. Aliamka. Akamtazama karani, akashika kalamu. Karani, ambaye nilikuja kuambiwa ana watoto watano nyumbani, kuanzia wa umri huo huo mpaka wa shule, alimwachia kalamu. Akaniuliza nataka nini hasa. Nikasema nataka afisa aandike alichokiona, na kama hakuona, apime tena akiangalia. Nikasema saisi na watu kumi na watatu waliniona. Karani akasema saisi si afisa, na hao kumi na watatu ni washindani wangu, saba kati yao wameshindwa na mmoja wao hata farasi hajui anaanzia wapi.

"Basi nitashtaki," nikasema.

"Shtaki. Andika kwa mkuu wa mifugo wa mkoa." Akatoa karatasi mbili za fulskepu akanisogezea. "Ila barua ya mwombaji haiendi moja kwa moja. Inapitia kwa afisa wa hapa, aandike maoni yake, ndipo iende."

"Afisa yupi?"

Tulikuwa na afisa mmoja tu.

"Naye akishaandika kwamba hakuniona?"

"Itaenda na hayo maoni," akasema. "Andika, mama. Usipoandika, hakuna hata hayo." Akaongeza, akiangalia mlango, kwamba nisikae mwezi mzima, maana farasi mwingine amekufa, wamebaki watatu, na mmoja hajala tangu jana.

Nikakaa kwenye benchi lake. Nilimpa mtoto ziwa la kushoto, ndilo lililokuwa na kitu, nikaandika kwa mkono wa kulia, karatasi juu ya goti. Kalamu ya karani ilikuwa bado na mate ya mtoto. Hivi ndivyo nilivyoandika, na karani akapiga mhuri wa kupokelewa mbele yangu:

Kwa Mkuu wa Mifugo wa Mkoa.
Kupitia kwa Afisa wa Mifugo wa hapa kituoni.

Bwana,

Malalamiko kuhusu mtihani wa kupanda farasi.

Mimi ni mwombaji namba kumi na moja. Siku ya mtihani nilimtandika farasi, nikampanda, nikazunguka uwanja mara tano kama ilivyotakiwa, mara ya mwisho bila vikuku. Sikuanguka.

Afisa aliyetupima alikuwepo. Yeye ni ndugu ya marehemu baba mkwe wangu, na kwa desturi yetu hawezi kumtazama mke wa mtoto wake akiwa amekaa namna ile. Kwa hiyo alisimama akinipa mgongo tangu nilipopanda mpaka niliposhuka. Hakunikosea adabu. Baadaye aliandika kwamba sikuonekana nikipanda. Alichoandika ni kweli, lakini hakihusu farasi.

Tangazo halikusema mwombaji asiwe mwanamke, wala asiwe mke wa mtu wa ukoo wowote.

Nina mtoto wa miezi minane. Nikikosa nyumba ya kituo, atachukuliwa na ukoo huo huo akishaachishwa ziwa, na maziwa yangu yamebaki ya upande mmoja.

Naomba nipimwe tena na afisa asiye mkwe wangu. Kama hayupo mwingine, nipimwe na huyu huyu, na aamriwe kutazama. Naomba pia ifanyike kabla farasi hawajaisha.

Wako mtiifu,
Mwombaji namba kumi na moja.